Dkt. Frances Kelsey na thalidomaidi: alikuta nini hasa ndani ya lile faili?

Mulika_K

Habari zenu wakuu. Kila akitajwa Dkt. Frances Kelsey, yule daktari wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, maelezo huwa mistari miwili: mwanamke jasiri aliikataa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, Rais Kennedy akamvisha nishani, basi. Kwa mwanafunzi wa famasi au mtu anayehakiki mafaili ya usajili wa dawa, hapo hakuna cha kujifunza. Mwaka 1960 hakuna aliyejua kwamba dawa ile inaharibu viungo vya mtoto tumboni, na Ujerumani ilikuwa inauzwa madukani tangu 1957. Sasa yeye aliona nini ambacho wengine hawakuona? Alishika kifungu gani cha sheria kwa miezi yote ile? Ni kweli aliipiga marufuku? Na baada ya nishani aliendelea na kazi gani, maana alistaafu akiwa mtu mzima sana. Wenye kulijua jambo hili kwa undani naomba mshuke nalo taratibu.

FamasiaBarazani

Mkuu, tuanze na sheria, la sivyo utadhani alikuwa mbishi tu. Iliyotumika wakati ule ni sheria ya 1938 ya chakula, dawa na vipodozi. Ilimtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba dawa ni salama. Kama inatibu au haitibu, hakuulizwa. FDA ilipewa siku 60 kulipitia ombi, na zikiisha bila mamlaka kusema neno, dawa iliruhusiwa kuuzwa yenyewe. Ukimya wa mhakiki ndio uliokuwa kibali. Alichoweza kufanya ni kuiandikia kampuni kabla ya siku kwisha kwamba ombi halijakamilika na kutaja kinachopungua. Kampuni ikileta nyongeza, siku 60 zinaanza upya. Kelsey alishika hapo hapo, na kila mara nyongeza ilipokuja na pengo lile lile, barua nyingine ilitoka.

Aliingia FDA Agosti 1960. Madaktari wa kuhakiki maombi walikuwa 7 wa kudumu na 4 wa muda, kwa nchi nzima. Septemba akapewa ombi la Kevadon, jina ambalo kampuni ya William S. Merrell ya Cincinnati iliipa thalidomaidi. Alipewa kwa kuwa lilionekana jepesi, la kumfaa mgeni: dawa ya usingizi ambayo nchi nyingi zilishaizoea. Walilisoma watatu, yeye upande wa kitabibu, Lee Geismar upande wa kemia, Jiro Oyama upande wa famakolojia, yaani jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini. Barua ya kwanza ya kulirudisha ilitoka tarehe 10 Novemba 1960, siku zikiwa ukingoni.

Sasa ndani ya faili. Kampuni ilijivunia kwamba dawa haina dozi ya kuua: panya walipewa nyingi kiasi gani, hawakufa. Kwa muuzaji hiyo ni sifa. Kwa mtu wa famakolojia ni swali. Dawa ile ile iliyowalaza binadamu haikuwalaza wanyama wa maabara kwa namna ile. Basi huenda panya hawakuifyonza vizuri kutoka utumbo, na kama haikufyonzwa, majaribio yote ya sumu yaliyofanywa juu ya panya hao hayathibitishi usalama wa mtu ambaye mwili wake unaifyonza. Faili halikuwa na takwimu za kutosha za ufyonzwaji, za mabadiliko ya dawa mwilini, wala za njia inayotokea. Majaribio ya matumizi ya muda mrefu yalikuwa mafupi mno. Na upande wa wagonjwa, sehemu kubwa ilikuwa barua za madaktari wakisifu kwamba wagonjwa wao wamelala vizuri, bila kundi la kulinganisha.

Soma tena aya hiyo utaona kwamba hakuna neno juu ya mimba. Mtu anayesema Kelsey "alihisi" hatari ya watoto anamnyima haki yake. Alisimamisha dawa kwa kuwa ushahidi haukubeba hoja, wakati ambapo madhara yenyewe hakuna aliyekuwa ameyaona.

Suala la mimba lilikuja baadaye, na lilikuja kwa hatua. Tarehe 31 Desemba 1960 jarida la madaktari la Uingereza lilichapa barua fupi ya daktari Leslie Florence kuhusu wagonjwa waliotumia thalidomaidi kwa muda mrefu wakapata ganzi na michomo ya mikono na miguu. Kelsey aliisoma Februari 1961. Akauliza kampuni mambo mawili: mlijua? na kama mlijua, mbona faili liko kimya? Mei 1961 akaandika rasmi kudai ushahidi wa usalama kwa wajawazito. Mantiki yake ni nyoofu: dawa inayodhuru neva za mtu mzima akiitumia kwa miezi, itamfanya nini kijusi kinachokaa nayo miezi hiyo hiyo? Tena hilo halikuwa wazo la kubuni tu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, katika utafiti wa dawa za malaria kule Chicago, yeye na wenzake walikuta kwamba sungura mzima huivunja kwinini haraka, sungura mwenye mimba huivunja kwa shida, na kijusi hakiivunji kabisa. Alikuwa anajua tangu wakati huo kwamba mwili wa mama si mwili wa mtoto.

Kampuni haikuwa na majaribio ya kumjibu. Iliwasiliana na FDA mara zipatazo 50, kwa simu, barua na ziara, na kulalamika kwa wakubwa wake. Mwisho wa Novemba 1961 Wajerumani wakaiondoa Contergan, jina la thalidomaidi kwao, sokoni baada ya Dkt. Widukind Lenz wa Hamburg kuihusisha na watoto wanaozaliwa na mikono na miguu mifupi au bila kabisa. Merrell ikaondoa ombi lake Machi 1962.

Mkaguzi_Mwambao

Hapo kwenye "kupiga marufuku" naomba tunyooshe, kwa sababu ndipo somo kubwa lilipo na watu wanalipita.

Kelsey hakuipiga marufuku. Alizuia isisajiliwe. Na wakati faili liko mezani kwake, vidonge vilikuwa tayari mitaani Marekani, kihalali, kwa jina la majaribio. Kampuni ilivigawa kwa madaktari zaidi ya 1,200: vidonge vipatavyo milioni 2.5, wagonjwa karibu 20,000, wakiwemo wanawake wa umri wa kuzaa kwa maelfu, na angalau 207 kati yao walikuwa na mimba. Sheria ya 1938 haikuitaka kampuni iiarifu FDA kwamba inaanza majaribio, haikumtaka daktari amwambie mgonjwa kwamba dawa anayopewa bado haijasajiliwa, wala haikudai hesabu ya vidonge vinavyobaki.

Matokeo yake yalionekana kiangazi cha 1962. FDA ilipotuma wakaguzi kukusanya vidonge, walikuta madaktari wengi hawana rekodi ya walipokea vingapi, walimpa nani, lini. Huwezi kurudisha dawa usiyojua ilikokwenda. Marekani ilihesabu watoto 17 waliozaliwa na ulemavu huo, baadhi mama zao wakiwa wamepewa vidonge hivyo vya majaribio na wengine wakiwa wamepata dawa nje ya nchi. Duniani kote ni zaidi ya 10,000.

Kwa anayesimamia dawa za utafiti leo, iwe hospitali ya rufaa au kituo cha utafiti, hiyo ndiyo sababu ya kila karatasi tunayoidai: idadi iliyopokelewa na namba ya toleo, aliyopewa kila mshiriki kwa namba yake, zilizorudishwa, zilizoharibika, zilizoteketezwa pamoja na hati ya uteketezaji. Zilizotumiwa na washiriki (walizopewa ukitoa walizorudisha), zilizoteketezwa, na zilizopo bado kituoni, pamoja na zilizorudishwa na zilizoharibika ambazo hazijateketezwa, jumla yake ilingane na zilizopokelewa, kidonge kwa kidonge. Ikipungua hata vidonge 10, andika maelezo siku hiyo hiyo. Upungufu unaoelezwa miezi sita baadaye haueleweki kwa mtu yeyote.

Mulika_K

Ahsanteni sana, hii ya vidonge vya majaribio sikuwahi kuiona ikielezwa hivi. Nina swali dogo. Tuseme Merrell wangekubali ombi la Kelsey la Mei 1961 wakapima wanyama wenye mimba. Panya wangeonyesha kitu? Nasikia panya ni wagumu kwa dawa hii.

Dkt_Kiinitete

Umesikia sawa, ndugu. Panya wadogo na panya wakubwa wa maabara huhimili thalidomaidi vizuri mno. Wangepimwa hao peke yao, faili lingerudi na jibu la uongo lenye sura ya ukweli. Sungura mweupe wa New Zealand huonyesha ulemavu, na nyani pia. Ndiyo maana hadi leo uchunguzi wa sumu kwa kijusi hudai spishi mbili, mmoja wa jamii ya panya na mwingine asiye wa jamii hiyo, na kwa kawaida huyo wa pili ni sungura.

Sababu ya tofauti hiyo ilieleweka miaka mingi baadaye. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba thalidomaidi hujishika kwenye protini iitwayo sereblon. Protini hiyo kazi yake ni kusaidia kuchagua protini gani zivunjwe ndani ya seli. Dawa ikishajishika, sereblon inaanza kuvunja protini zisizostahili, mojawapo SALL4, ambayo kiinitete inaihitaji kutengeneza mikono na miguu. Kwa panya umbo la sereblon na la SALL4 yanatofautiana kidogo na ya binadamu, dawa haiwaunganishi, kiungo kinaota kama kawaida.

Jambo la pili ni muda. Dirisha la hatari ni kuanzia siku ya 20 hivi hadi ya 36 baada ya kutungwa mimba. Ndani ya dirisha hilo kidonge kimoja kinatosha. Mpangilio wa ulemavu ulifuata kalenda: waliotumia mapema masikio yaliathirika, siku chache mbele mikono, halafu miguu. Wanawake wengi katika siku hizo ndiyo kwanza wameona hedhi imechelewa, na ndipo kichefuchefu kinapoanza na daktari anaandika dawa ya kukituliza.

Tukumbuke pia kwamba dawa yenyewe haijafa. Mwaka 1964 daktari Jacob Sheskin kule Jerusalem aliona inatuliza uvimbe mkali wa ngozi wanaoupata baadhi ya wagonjwa wa ukoma. FDA iliisajili kwa ajili hiyo Julai 1998, na 2006 kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Masharti yaliyofuatana nayo ni makali na yanafaa kujulikana na kila mfamasia anayetoa dawa hii au ya ukoo wake, lenalidomaidi. Mwanamke anayeweza kupata mimba apimwe kabla ya kuanza, kisha kila wiki kwa wiki nne za kwanza, kisha kila mwezi, au kila wiki mbili kama hedhi yake haina mpangilio. Atumie njia mbili za uzazi wa mpango kwa pamoja, kuanzia wiki nne kabla hadi wiki nne baada ya kumaliza. Mwanaume naye atumie kondomu, kwa kuwa dawa huonekana kwenye shahawa. Dozi ya siku 28 tu kwa mara moja, na asimpe mtu mwingine hata kidonge kimoja. Brazil, ambako iliendelea kutumika kwa ukoma, watoto wenye ulemavu huo waliendelea kuzaliwa baada ya 1965, na moja ya njia ilikuwa hiyo: vidonge vya mgonjwa kutumiwa na mtu mwingine wa nyumbani.

Bi_Kipimo

Naona hakuna aliyegusa 1937, na huwezi kumwelewa Kelsey bila 1937.

Alizaliwa Cobble Hill, kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, Julai 1914. Baada ya shahada mbili za McGill aliomba nafasi kwa Profesa Geiling, Chuo Kikuu cha Chicago, na jibu la kumkubali likaja likimwita bwana. Geiling alidhani Frances ni mwanaume. Alikwenda hivyo hivyo, akapata udaktari wa falsafa wa famakolojia 1938, kisha udaktari wa tiba 1950.

Mwaka mmoja tu baada ya kufika, kampuni moja ya Tennessee, Massengill, ilitoa salfanilamaidi, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria, katika hali ya maji kwa ajili ya watoto na watu wasiopenda vidonge. Salfanilamaidi haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kileo, basi mkemia wao akaiyeyusha kwenye daiethilini glaikoli, akaongeza ladha ya matunda na rangi. Walipima ladha, harufu na mwonekano. Sumu hawakupima, kwa sababu sheria haikuwataka wapime. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, kwa figo kufungwa. FDA ilipeleka wakaguzi wake nchi nzima kuzifuata chupa, duka kwa duka, mgonjwa kwa mgonjwa. Na sababu pekee ya kisheria ya kuzikamata ilikuwa kwamba lebo iliita dawa ile eliksa wakati haikuwa na kileo ndani. Maabara ya Geiling ndiyo iliyopewa kazi ya kutafuta kilichoua: salfanilamaidi peke yake, ladha peke yake, kiyeyushi peke yake, kila kimoja kwa wanyama wake. Kelsey alikuwa mwanafunzi humo. Walioangamia ni wanyama wa kiyeyushi. Sheria ya 1938 ilizaliwa hapo, ile ile aliyokuja kuishika mkononi miaka 22 baadaye.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sumu ni ile ile inayoua watoto wetu. Gambia 2022, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo baada ya dawa za maji za kikohozi na homa. Aprili 2024 Nigeria iliposema imekuta daiethilini glaikoli kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Kenya na Tanzania nazo zililiondoa toleo hilo madukani.

Inaingiaje? Mara nyingi si kwenye dawa yenyewe, ni kwenye kiyeyushi: glisarini, propilini glaikoli, sorbitoli. Daiethilini glaikoli ni ya viwandani, bei yake ni ndogo zaidi, inafanana kwa macho, ni nzito na tamu vilevile. Dalali katikati anabadilisha lebo ya pipa, na cheti cha uchambuzi kinanakiliwa kutoka mkono hadi mkono mpaka jina la mtengenezaji wa kwanza linapotea. Kwa hiyo dawa ya tatizo hili inajulikana: chukua sampuli kutoka kila pipa, si pipa moja kwa shehena nzima, na upime kabla halijafunguliwa kwa matumizi. Kikomo ni asilimia 0.10 kwa daiethilini glaikoli na asilimia 0.10 kwa ethilini glaikoli. Kipimo cha uhakika ni kromatografia ya gesi. Kromatografia ya bamba jembamba inafaa kuchuja awali, kwa bei ndogo.

Kwa walio zahanati: mtoto aliyekunywa dawa ya maji kisha akaanza kutapika, tumbo likamuuma na mkojo ukakatika ndani ya siku chache, usiandike malaria ukaishia hapo. Omba chupa, iandike namba ya toleo, ihifadhi ikiwa na dawa iliyobaki. Kenya kuna fomu ya waridi kwa dawa yenye ubora wa mashaka na ya njano kwa madhara. Kesi kama hii inajaziwa zote mbili.

Mkaguzi_Mwambao

Bi Kipimo, shikamoo, umeziba pengo kubwa.

Nimalizie swali la alichofanya baadaye, kwani kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko faili la Kevadon. Habari yake ilitoka Washington Post Julai 1962, nishani akapewa na Kennedy tarehe 7 Agosti, na sheria mpya ikasainiwa 10 Oktoba 1962. Sheria hiyo iligeuza mambo matatu mazito. Ukimya si kibali tena, lazima mamlaka iandike kwamba imekubali. Mtengenezaji athibitishe kwa majaribio yenye kulinganisha kwamba dawa inafanya kazi, si kwamba haidhuru tu. Na kabla ya kumpa binadamu dawa ya majaribio, FDA iarifiwe, na mshiriki mwenyewe aridhie. Hata dawa zilizosajiliwa kati ya 1938 na 1962 zilirudiwa kuhakikiwa, zaidi ya 3,000, na nyingi ziliondolewa kwa kuwa hazikufanya kazi zilizodai.

Lakini sheria ni karatasi. Mtu aliyepewa kuisimamia upande wa majaribio alikuwa Kelsey. Mwaka 1963 aliongoza tawi jipya la dawa za uchunguzi, na kuanzia 1967 kitengo cha ukaguzi wa kisayansi, kinachokwenda kwa watafiti wenyewe kuangalia kama data ni ya kweli. Kazi hiyo inataka macho na subira: unachukua fomu ya mshiriki na jalada lake la hospitali, unaviweka bega kwa bega. Shinikizo la damu la wagonjwa 40 lote linaishia na sifuri. Ziara imeandikwa siku ya sikukuu kliniki ikiwa imefungwa. Fomu za ridhaa za mwaka mzima zina mwandiko mmoja na wino mmoja. Maabara inasema haijawahi kupokea sampuli hiyo. Mtafiti aliyebainika kughushi aliondolewa haki ya kupewa dawa za majaribio. Wakaguzi wetu wa Afrika Mashariki wanaotembelea vituo vya utafiti wanafuata njia hiyo hiyo. Kelsey alistaafu 2005 akiwa na miaka 90, akafariki Agosti 2015, miaka 101.

FamasiaBarazani

Marahaba kwa niaba ya Bi Kipimo kama hayupo hewani.

Mulika, kwa kuwa umetaja wahakiki wa mafaili, nikuonyeshe maswali ya Kelsey yanakaa wapi kwenye faili la leo la mfumo wa moduli tano, ambao TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), bodi ya dawa ya Kenya na nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanautumia. Ufyonzwaji kwa wanyama ni 4.2.2.2, mabadiliko ya dawa mwilini 4.2.2.4. Sumu ya uzazi na kijusi ni 4.2.3.5, na hapo ndipo uangalie spishi ni zipi na kama kiwango cha dawa kwenye damu ya wanyama hao kilipimwa. Kama hakikupimwa, umerudi kwa panya wa Merrell.

Tatizo ni kwamba mafaili mengi tunayopokea ni ya dawa zenye jina la kikemia tu, zinazofuata dawa iliyokwishasajiliwa, na hayo hayaleti moduli ya 4, ile ya majaribio ya wanyama. Yanaleta ulinganifu wa ufyonzwaji, 5.3.1.2. Hapo hamishia ukali wako kwenye moduli ya 3, ile ya ubora wa dawa: kwa dawa ya maji soma 3.2.P.4 uone kama kila kiyeyushi kina kipimo cha glaikoli mbili alizotaja Bi Kipimo, chenye matokeo ya maabara ya mtengenezaji wa dawa mwenyewe, mbali na cheti cha muuza malighafi. Kukiwa na cheti cha muuzaji peke yake, andika barua ya upungufu. Taja sehemu kwa namba yake, sema kinachokosekana, sema unataka matokeo ya matoleo mangapi na kwa kipimo gani. Epuka "tafadhali fafanua zaidi", kwa sababu utaletewa kurasa 30 za maelezo bila namba hata moja.